TAHARUKI INAYODUMU: JINSI YA KUIKABILI, NA MAHALI PA KUTAFUTA MATIBABU USIKU

Somo la afya kwa makatibu na vikundi vya masomo vya vyama vya msingi



Masomo mengi ya jarida hili huhusu mizani, stakabadhi, daftari la fedha na masharti ya chama. Somo la safari hii lahusu hofu inayomshika mtu ghafula mpaka akadhani anakufa, na ambayo mara nyingine haimwachi kwa saa nyingi. Tumeliweka hapa kwa kuwa katika vijiji vingi ofisi ya chama ndipo palipo na simu, taa, na watu wanaojua nani ana gari. Mtu akizidiwa saa nane za usiku, mlango unaobishwa ni wa katibu. Hana budi kujua la kufanya kabla haujabishwa.

Tuchukue mfano. Mweka hazina wa chama kimoja, mwenye umri wa miaka 38, ameshinda siku tatu akitayarisha vitabu kwa ajili ya ukaguzi. Usiku wa manane anaamka ghafula, wala hakuota ndoto. Moyo unamwenda mbio, kifua kimembana, jasho linamtoka, vidole vinamfanya ganzi, pumzi anaiona fupi, na moyoni ana hakika kwamba hatauona mchana. Mkewe anafungua dirisha na kuita jirani. Baada ya robo saa hali inapoa. Anajilaza, anatia kidole shingoni kupima mapigo, anaona bado ni ya kasi, na hapo hofu inamrudia kwa nguvu mpya. Mambo yanakwenda hivyo mpaka alfajiri.

Asubuhi kijijini pana maneno ya aina mbili. Wengine wasema ni jini. Wengine, kwa sauti ya chini, wasema mkaguzi anakuja kesho kutwa na mwizi hujishuku. Hakuna hata mmoja anayesema apelekwe akapimwe.

Kwa upande wetu twaona maneno ya aina zote mbili yana hatari moja, nayo ni kumzuia mgonjwa asifike kwa tabibu. Yumkini mweka hazina huyu alishikwa na taharuki tu, na taharuki peke yake haiui. Lakini yumkini pia moyo wake una kasoro, au alishika dawa ya kunyunyizia pamba jioni ile. Kwa kumtazama machoni usiku hakuna mwanakijiji awezaye kupambanua. Tena hofu si ushahidi wa wizi. Mwaminifu aliyelemewa na kazi hutetemeka, na mwizi aliyezoea hulala usingizi mzito.

TAHARUKI HUFANYAJE KAZI MWILINI

Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Mtu akikabiliwa na hatari, tuseme nyoka njiani, tezi hizo humwaga katika damu kemikali iitwayo adrenalini. Moyo huongeza mwendo ili damu ifike haraka kwenye misuli ya miguu na mikono, pumzi huongezeka, jasho hutoka ili kuupoza mwili, mboni za macho hupanuka, na tumbo huacha kazi yake kwa muda. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Walter Cannon aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1915, akaonyesha kwamba mwili unajitayarisha ama kupigana ama kukimbia. Ni maandalizi yenye manufaa, maadamu nyoka yupo.

Katika taharuki, maandalizi hayo hufanyika bila nyoka. Aghalabu hali hufikia kilele katika muda wa dakika 10 au pungufu, kisha hushuka yenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kuendelea kumwaga adrenalini kwa kiasi kile kile bila kikomo. Wengi hupoa katika dakika 5 mpaka 20, ingawa uchovu na mtetemeko mdogo huweza kubaki kwa saa kadhaa. Hali hii ilikuwapo zamani zote chini ya majina mengi. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiandika kama ugonjwa wa peke yake mwaka 1980, ule unaomrudia mtu mara kwa mara na kumfanya aishi akiuogopa.

Sasa, ikiwa hupoa katika dakika 20, imekuwaje mweka hazina wetu akateseka mpaka alfajiri? Hapa ndipo penye kiini cha somo, na twaomba vikundi visipite haraka.

Kwanza, taharuki ndefu mara nyingi si moja. Ni mawimbi. Wimbi la kwanza linaposhuka, mtu hubaki akiuchunguza mwili wake kama mlinzi wa ghala anayesikiliza kila mchakacho. Moyo ukipiga kwa nguvu kidogo, jambo ambalo ni la kawaida baada ya misukosuko, hulitafsiri kuwa ni mwanzo wa kifo. Tafsiri hiyo huamsha adrenalini tena, na adrenalini huuongezea moyo mwendo, jambo ambalo humthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliueleza mzunguko huu kwa utaratibu mwaka 1986, na tiba ya mazungumzo inayotumika leo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maelezo hayo. Kinachouzungusha mzunguko ni tafsiri. Mapigo ya moyo peke yake yasingeuzungusha.

Pili, kuna pumzi. Mtu anayeona hewa haimtoshi huvuta pumzi nyingi na za haraka. Kwa kweli hewa safi anayo ya kutosha. Anachopoteza ni hewa ukaa, ambayo mwili huihitaji kwa kiasi fulani ndani ya damu. Ikipungua mno, mtu huona kizunguzungu, ganzi midomoni na vidoleni, na pengine vidole hukakamaa na kujikunja vyenyewe. Wengi wakiona vidole vya mgonjwa vimejikunja huamini moja kwa moja kwamba ni pepo. Mtu huyo akiambiwa na watu wema “vuta pumzi, vuta kwa nguvu”, huzidi kuharibika. Watu hao wema wapo kila kijiji.

Tatu, pengine kuna kitu mwilini kinachoendelea kuuchochea moyo. Kahawa nyingi ni kimojawapo, mirungi kadhalika. Dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni huongeza mwendo wa moyo hata inapotumiwa sawasawa. Na mlevi wa kila siku aliyeiacha pombe ghafula, labda kwa kukosa fedha, huweza kutetemeka na kutoka jasho katika siku mbili tatu za kwanza. Huyu ni mgonjwa wa hospitali, kwa sababu huweza kupata degedege na kuchanganyikiwa. Asiachwe nyumbani kwa kudhaniwa kwamba ni woga tu.

Sababu ya nne ni kwamba pengine si taharuki.

DALILI ZINAZOTAKA SAFARI USIKU ULE ULE

Kanuni ni hii: mtu anayepatwa na hali hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake achukuliwe kuwa ni mgonjwa wa mwili mpaka tabibu atakapomwona. Hali ikimwachia upesi na akawa mzima kabisa, anaweza kungoja asubuhi. Ikiwa imepita nusu saa hata saa nzima bila kupungua, asingoje. Na hata mtu aliyezoea taharuki apelekwe bila kukawia ikiwa dalili za safari hii si zile anazozijua.

Yapo mambo ambayo hayataki majadiliano. Maumivu mazito ya katikati ya kifua, kama gunia limewekwa juu, yanayosambaa mkononi, mgongoni au tayani, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 40, au mwenye shinikizo la damu, kisukari, au anayevuta sigara, ni dalili za moyo wenyewe. Kuzirai. Midomo kuwa ya buluu. Kifua kutoa mluzi. Upande mmoja wa mwili kulegea, au mdomo kwenda upande. Homa kali pamoja na kuhema. Maneno kuvurugika. Mapigo yanayorukaruka bila mpango. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kisha kifua kubana ghafula, kwani huenda damu iliyoganda imepanda mapafuni. Mwanamke mwenye mimba au aliyejifungua karibuni, akibanwa pumzi, akiumwa kichwa sana au akiona maruweruwe, asiambiwe kwamba ni wasiwasi wa uzazi.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa hutetemeka, hutoka jasho na kuogopa pale sukari inaposhuka mno. Akiwa ana fahamu na anaweza kumeza, apewe maji yenye sukari ya kutosha au soda mara moja, ndipo mengine yafuate.

Kwa vyama vyetu vya pamba, kahawa, korosho na mboga, jambo la sumu linataka maelezo marefu kidogo. Dawa nyingi za kuua wadudu ni za jamii ya oganofosifeti. Mtu aliyenyunyizia bila kinga, au aliyezimimina ghalani, huweza usiku kubanwa kifua, kutoka jasho na kushikwa na wasiwasi mkubwa, mambo yale yale ya taharuki. Lakini mtazame macho kwa tochi. Katika taharuki mboni aghalabu ni pana. Katika sumu hii aghalabu huwa ndogo kama ncha ya pini. Tena aliyepatwa na sumu hutokwa na mate na machozi kwa wingi, hutapika au kuhara, kifua chake hukoroma kwa ute, na misuli yake huchezacheza chini ya ngozi. Usingoje dalili zote zikutane. Avuliwe nguo alizofanyia kazi, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na wanaomwosha wavae mipira ya mikono au mifuko ya plastiki. Chupa ya dawa yenye kibandiko chake ichukuliwe hospitalini, kwa kuwa daktari atahitaji kusoma jina la dawa. Hospitali inayo dawa ya kupambana na sumu hii, iitwayo atropini. Kijijini haipo, na maziwa si dawa yake.

KUMSAIDIA MTU ALIYE KATIKATI YA MAWIMBI

Ikiwa hakuna dalili yoyote katika hizo, au gari limekwisha itwa na mnangoja, au mgonjwa amekwisha pimwa zamani na anajulikana kuwa ana taharuki, msaada ni huu.

Abaki naye mtu mmoja, wawili wakizidi. Wengine watoke nje. Nyumba iliyojaa watu wanaolia humthibitishia mgonjwa kwamba anakufa. Anayebaki aketi, asisimame juu yake, aseme taratibu kwa sentensi fupi: “Nipo hapa. Hali hii inatisha, nayo itapita. Tutapumua pamoja.” Asimwambie kwamba hana kitu, kwani anacho, na anakisikia mwilini. Asimkemee. Asimmwagie maji wala kumfunga kamba. Anayetaka kusali na asali pamoja naye kwa sauti ya upole. Sala haizuii gari kuja.

Pumzi zipunguzwe, zisiongezwe. Aingize hewa kwa pua polepole huku mwenzake akihesabu mpaka 4, bila kujaza kifua pomoni, kisha aitoe polepole zaidi kwa hesabu ya 6. Mkono mmoja auweke tumboni, nao upande na kushuka. Kwa hesabu hii atapumua mara 6 hivi kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 mpaka 20. Akiona 4 na 6 ni ndefu mno, aanze na 3 na 4. Kinachotakiwa ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuingiza. Waendelee hivyo dakika 5 au 10 bila kutazama saa kila mara. Zamani watu walifundishwa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi. Mafundisho hayo yameachwa, maana mgonjwa wa pumu, wa moyo au wa homa ya mapafu akifanyiwa hivyo anaweza kufa kwa kukosa hewa.

Mapigo yahesabiwe mara moja na msaidizi: kwa saa yenye sekunde, nusu dakika, mara mbili. Yaandikwe pamoja na saa ya kuyahesabu. Katika taharuki huweza kufika 120 au zaidi lakini huenda kwa mpango. Baada ya hapo mgonjwa aombwe asitie kidole shingoni tena. Ombi hili ni gumu kwake kuliko mnavyodhani, kwa hiyo mikono yake ipewe kazi nyingine: ashike kikombe cha maji na kunywa funda moja moja, au apukuchue mahindi. Ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, vinne anavyoweza kuvigusa, vitatu anavyovisikia. Haya yaonekana kama mchezo wa watoto, lakini huyatoa mawazo ndani ya kifua na kuyarudisha chumbani, mahali ambapo hakuna nyoka.

Neno moja kwa mgonjwa mwenyewe, maana yumkini anasoma haya. Ndugu, usishindane na wimbi. Mtu anayeogelea penye mkondo hachoki kwa sababu ya maji, huchoka kwa kuyapiga. Ukisema moyoni, “Hili ni lile lile lililokuja mara ile, lilipanda likashuka, na lipande tena,” unaiondolea tafsiri ile nguvu yake. Wimbi la pili likija baada ya la kwanza usihesabu kwamba umeshindwa. Mawimbi ya baadaye mara nyingi huwa mafupi, mtu akiacha kuyachunguza.

Na dawa za kubahatisha zisitolewe. Pombe hutuliza saa moja na kuirudisha hofu asubuhi kwa riba. Vidonge vya usingizi vilivyobaki kwa jirani, hasa diazepamu, vikichanganywa na pombe huweza kuzuia pumzi, na vikitumiwa kwa wiki nyingi mwili huvizoea ukashindwa kuviacha.

MAHALI PA KWENDA USIKU

Zahanati nyingi huhudumia mchana. Hata hivyo mara nyingi muuguzi au tabibu anaishi karibu, na yapo mazoea ya kumwita kwa jambo la hatari. Mazoea hayo yajulikane kabla ya siku ya haja. Kituo cha afya huwa na vitanda na mtu wa zamu usiku. Hospitali ya wilaya ina daktari wa zamu na vipimo vingi zaidi. Ikiwa pana dalili za moyo, kiharusi au sumu, na hospitali haiko mbali sana kuliko kituo, pitilizeni hospitalini, kwani kusimama njiani mahali pasipo na kipimo wala dawa ni kupoteza saa. Duka la dawa muhimu lililo wazi usiku linauza dawa. Halina kipimo cha moyo, na muuzaji wake asiombwe kuamua kifua cha mtu.

Tanzania, simu namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo kwa ushauri, 112 ni ya dharura kwa polisi, na 115 ni ya kuomba usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Namba hizi ziandikwe ukutani, lakini katibu asizitegemee peke yake. Namba ya maana zaidi ni ya mtu wa zamu wa kituo chenu cha afya, na hiyo huipati kwa kukisia. Mtu atumwe kituoni mchana, aiombe, aipige akiwa pale pale asikie ikiita.

Sasa jambo la usafiri na fedha, ambalo ndilo linaloua watu wengi kuliko kukosa ujuzi. Usiku dereva hatoki bila kuona mafuta yatalipwa na nani. Nasi twajua yanayotokea: katibu mwenye huruma hufungua sanduku la fedha za mazao, akatoa, akaandika kwenye kipande cha karatasi, na miezi minne baadaye mkaguzi anauliza. Fedha za mazao ni mali ya waliopima mazao yao, zisiguswe hata kwa jambo jema. Njia sahihi ni Mkutano Mkuu kupitisha azimio la mfuko mdogo wa dharura, na Bodi kuweka masurufu ya kiasi kinachotosha kukodi gari kwenda hospitali na kurudi mara moja. Masurufu hayo yakae na mtu ambaye nyumba yake inafikika usiku, yatolewe kwa hati ya malipo yenye sahihi mbili, na sahihi ya pili ikiwa haipatikani usiku iongezwe kesho yake. Yakitumika, yarudishiwe ndani ya wiki. Azimio liseme waziwazi kama ni msaada au ni mkopo. Vyama vilivyoacha neno hilo bila kuamua huishia kwenye ugomvi, na mgonjwa akipona huanza kuwakwepa wenzake kwa kuogopa kudaiwa.

Orodha ya madereva iwe na majina matatu kwa uchache, kwa kuwa wa kwanza atakuwa amesafiri na wa pili amezima simu. Iseme pia barabara ipi hupitika wakati wa masika. Pikipiki ni njia ya mwisho. Mtu mwenye kizunguzungu huanguka, na kumweka mwingine nyuma yake amshike ni kupakia watatu, jambo ambalo ni kosa na lina hatari. Ikiwa hana dalili za hatari, ni heri kungoja gari saa moja kuliko kumpandisha pikipiki usiku.

Anayemsindikiza achukue karatasi yenye mambo machache: hali ilianza saa ngapi, ilipanda na kushuka mara ngapi, mapigo yalikuwa mangapi, ana magonjwa gani, ametumia dawa gani pamoja na za kienyeji, ameshika dawa ya wadudu au la, na kama ni mwanamke, ana mimba au la. Achukue na kadi ya bima, kama ipo. Karatasi hii yafaa kuliko maelezo ya watu wanne wanaosema kwa pamoja mbele ya muuguzi aliyechoka.

BAADA YA USIKU ULE

Mgonjwa atapimwa shinikizo la damu, sukari, malaria, pengine wingi wa damu na mwenendo wa moyo. Mara nyingi ataambiwa hakuna kitu kilichoonekana. Hapo watu wengi hurudi nyumbani wameaibika, kana kwamba wamepatikana na hatia ya kujifanya wagonjwa. Maana ya jibu lile ni kwamba mashaka ya moyo na sumu yameondoka, na sasa inajulikana ni mlango upi wa kubisha. Aulize kabla ya kutoka: “Je, yawezekana ni taharuki? Nani anatibu hapa?” Katika wilaya yupo mratibu wa afya ya akili, na hospitali ya wilaya ndipo pa kumwulizia. Kwenda kwake si kupelekwa Mirembe. Wenye taharuki wengi sana hutibiwa huku wakilala nyumbani kwao na kwenda shambani kama kawaida.

Tiba ni za aina mbili. Ya kwanza ni mazungumzo yenye mpango, ambamo mgonjwa hufundishwa kuutambua mzunguko tulioueleza na kuzirudia polepole sehemu alizoanza kuzikwepa, kama basi, mkutano au mnada. Ya pili ni vidonge vya kila siku, kwa mfano fluoksetini. Vidonge hivi havitulizi usiku ule ule. Huchukua wiki 2 mpaka 4 au zaidi kuonyesha kazi, na siku za kwanza huweza hata kuongeza wasiwasi kidogo, ndiyo sababu wengi huviacha mapema wakidhani wamepewa dawa mbaya. Visiachwe ghafula wala bila kumwuliza aliyevitoa. Na ikiwa mtu amefika mahali pa kusema afadhali afe, asiachwe peke yake, dawa za wadudu zitolewe nyumbani mwake, naye apelekwe hospitali siku ile ile.

Kwa katibu kuna wajibu mmoja zaidi, nao ni kunyamaza. Ugonjwa wa mwanachama hauandikwi katika muhtasari wa kikao. Katika hati ya malipo yatosha kuandika “usafiri wa mgonjwa wa dharura” pamoja na namba ya uanachama. Ikiwa mgonjwa ni mtumishi wa chama, kama mweka hazina wetu, Bodi impe mtu wa kumsaidia vitabu mpaka ukaguzi upite, na ukaguzi ufanyike kwa kawaida yake, bila kuahirishwa kwa sababu yake wala kukazwa kwa sababu yake.

KAZI YA VIKUNDI VYA MASOMO

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Somo hili nalo linataka vitendo. Kikundi kijadili na kufanya haya kabla ya mkutano ujao:

1. Kutoka ofisi ya chama mpaka kituo cha afya chenye mtu wa zamu usiku ni kilomita ngapi, na wakati wa masika hupitiwa njia ipi? Nani atakwenda kuomba namba ya simu ya zamu, na lini?

2. Wanachama wawili wawili wahesabiane mapigo kwa nusu dakika na kuzidisha kwa mbili, kisha wafanye zoezi la pumzi la 4 na 6 kwa dakika 5. Wahesabu tena na kulinganisha.

3. Azimio la mfuko wa dharura: msaada au mkopo? Wenye maoni tofauti wote wasikilizwe, na rasimu iandikwe kwa ajili ya Mkutano Mkuu.

4. Dawa za wadudu za msimu huu zimehifadhiwa wapi, na vibandiko vyake vingali vinasomeka?

5. Mweka hazina wa mfano wetu amerudi kutoka hospitali. Jirani anamwuliza mke wake mbele ya watu, “Kwani alipatwa na nini?” Mke ajibu nini, na wewe uliyesimama karibu useme nini?